Kinachozunguka Uvimbe

Kosa alilifanya mwenyewe, tena kwa mdomo wake, jikoni kwa mama mkwe.

Kazini walimbandika jina la Jeli, kwa kuwa kutwa alikuwa akimimina jeli kwenye visahani vya maabara ya saratani. Siku hiyo alikwenda kumshawishi mama mkwe akubali kupasuliwa. Uvimbe wa kwenye titi ulikuwa umeshapimwa: saratani, lakini bado haijatoka nje ya titi. Daktari alitaka kuutoa upesi.

"Kisu kikigusa tu, inasambaa," mama mkwe alisema huku akimenya viazi.

"Mama, kisu hakisambazi."

Angeishia hapo. Lakini mtu aliyeinamia hadubini miaka yote hiyo haishii hapo. Akaeleza kwamba seli zimezungukwa na nyuzi za protini ambazo mwili huzisuka ili kila seli ikae mahali pake. Nyuzi hizo zikijazana na kukakamaa, seli za saratani huchangamka, huzaana, kisha huzifuata kama njia na kwenda zao. Ule ugumu anaoupapasa kwenye titi, sehemu kubwa ni nyuzi.

"Nina visahani viwili, Mama, jeli ikiwa badala ya nyuzi. Seli zilezile, baba mmoja mama mmoja. Kwenye jeli laini zimekaa kitako. Kwenye jeli ngumu zinatembea kama zimeitwa."

Mama mkwe akaweka kisu chini. "Kumbe ubaya si mwizi, ni mtaa."

"Mtaa nao una..."

"Basi daktari atamtoa mwizi, mtaa utabaki. Asante, mwanangu. Nilikuwa sijui kujieleza. Sipasuliwi."

Mume wa Jeli, aliyesikia yote akiwa mlangoni, alingoja mpaka wakafika barabarani. "Nilikuomba umshawishi. Nani alikuomba mhadhara?"

"Nimemwambia ukweli."

"Ndio ameugeuza fimbo, na anayechapwa ni sisi."

Wiki hiyo Jeli alimpigia mama mkwe simu hadi sikio likamuuma. Alieleza kwamba daktari hukata na nyama ya pembeni.

"Kiasi gani?"

"Inategemea, Mama."

"Inategemea nini?"

Hakujua. Yeye si mpasuaji. Halafu shangazi wa mumewe akaja na lake: titi likandwe kwa mafuta ya moto. "Si wewe uliyesema nyuzi zikilainika, seli zinatulia?"

"Shangazi, sikusema mkande!"

"Usinipandishie sauti, mtafiti."

Maabarani, zile seli za kwenye jeli ngumu zilikuwa zimejinyoosha tena, zimeshika njia. Alitamani kuzizaba kofi. Alijua zinavyoondoka, alikuwa na picha za kujaza ukuta, na hakuwa na kitu cha kumpa mtu mmoja anywe.

Jioni akarudi kwa mama mkwe, na safari hii hakukaa.

"Mama, mimi sina dawa. Ninaziangalia tu zikitembea. Nikingoja nijue kila kitu, utakuwa umekufa. Daktari ana kisu, na anacho sasa hivi, kabla hazijatoka. Mimi nina visahani!"

Mama mkwe alifuta mikono kwenye kanga.

"Hivi ndivyo ungesema tangu mwanzo," akasema. "Haya, nitakwenda nimsikilize. Lakini humo kwa daktari usifungue mdomo."

Daktari alichora kiduara kwenye karatasi, kisha akakizungushia kikubwa zaidi.

"Huu uvimbe. Na hii nyama inayouzunguka, hata kama inaonekana nzima, naitoa pamoja nao. Itakayobaki tutaipiga mionzi."

"Hairudi?"

"Siwezi kukuapia, mama. Ila tukiiacha, najua itakwenda wapi."

Mama mkwe akaguna, akageuza ile karatasi huku na huku. "Umeona? Mtu anaeleza kwa maneno machache, unaelewa. Nyumbani hakuna aliyeniambia kama na ya pembeni inatoka."

Jeli aligeuka akamtazama mumewe. Mumewe akatazama dari. Ya pembeni! Yeye Jeli alikuwa ameisema mara ngapi kwenye simu, mpaka chaji ikaisha?

"Mama, si nili..."

"Tulikubaliana," mama mkwe alisema bila kumtazama, akanyoosha mkono kwa daktari. "Nipe kalamu nitie sahihi, baba, kabla huyu hajanieleza tena."