Siku Tano za Maziko

Jumatatu asubuhi, chai haijapoa, diski ya kompyuta kuu katika ofisi ya makaburi ikafa. Mama Pacha, fundi aliyekabidhiwa kumbukumbu zote za ofisi ile, hakubabaika. Diski ilikuwa ikipigwa picha, yaani nakala ya kila kilichomo kwa dakika ile, na picha hizo zilikaa kwenye mashine nyingine. Akafunga diski mpya, akachagua picha ya mwisho, akairudisha. Kufika saa sita, daftari la maziko likafunguka.

"Mikono yako ibarikiwe," karani akamwambia. Kisha akakunja uso. "Mbona linaishia Jumanne iliyopita?"

Mama Pacha akainama kutazama, akaelewa. Miezi mitatu nyuma nafasi ya kuweka picha ilipojaa, alibadilisha utaratibu: badala ya picha kila jioni, ikawa moja kwa wiki. Alijiambia ni kwa siku mbili tatu, mpaka diski kubwa zifike. Zilifika. Utaratibu wa zamani hakuurudisha.

Mkuu wa ofisi, mama asiyependa maneno mengi, alimsikiliza akiwa amesimama.

"Ni ubovu wa diski, sivyo?"

Mlango wa kujinasua ulikuwa wazi kabisa. Mama Pacha hakuupita. "Diski iliharibika, ndiyo. Lakini siku hizi tano zimepotea kwa uzembe wangu, mkuu."

Vibali vya maziko walishaondoka navyo wafiwa. Ikabaki kwenda makaburini na kuhesabu kwa macho. Alimkuta Kijiko, mchimba makaburi mwembamba mwenye utani na kila mtu, akipangusa jembe.

"Shemeji, mashine yako imesahau?" Kijiko akajipiga kiunoni. "Mgongo huu haujasahau. Ni kumi na manne. Twende."

Wakapita mstari kwa mstari. Yeye anaonyesha, Mama Pacha anaandika: namba ya kaburi, siku, jina lililo kwenye kibao. Kumi na matatu yalikuwa na vibao. La mwisho, kando ya ukuta, lilikuwa tuta fupi lisilozidi urefu wa mkono, halina kitu juu yake.

Kijiko hakutania tena. "Huyu aliletwa na baba yake Alhamisi, wao wawili tu. Mama alikuwa bado amelazwa hospitali. Baba aliniachia namba ya simu, nimwambie mvua ikilididimiza kaburi."

Mama Pacha akapiga. Alikuwa ametunga maneno ya kuzungukazunguka, lakini sauti ile iliyochoka ilipoitikia, yote yakampotea.

"Kaka, napiga kutoka ofisi ya makaburi. Tumepoteza maandishi ya mwanao. Kosa ni langu. Naomba uniambie tena tuliandika nini."

Alisikia mlango ukifungwa upande wa pili.

"Mliandika 'mtoto mchanga'," yule baba akasema. "Karani aliniuliza jina, sikuweza kulitamka. Tangu siku ile linanikaa kooni." Akavuta pumzi. "Una kalamu?"

Akalitaja jina, herufi moja moja, na Mama Pacha akaandika akiwa amepiga goti mchangani. Kisha akamsomea. Alimsomea mara mbili, maana yule baba aliomba kulisikia tena.

Jioni hiyo alirudisha picha za kila siku, akaongeza nakala ya pili katika jengo jingine, na akapanga kila Ijumaa kurudisha daftari lote kwenye mashine ya majaribio, lisomwe kwa macho ya mtu. Barua ya onyo ilikuja siku ya pili. Akatia saini bila kujitetea.

Wiki iliyofuata yule baba akafika ofisini, akaomba kuona. Mama Pacha akamgeuzia kioo cha kompyuta. Akalitazama jina kwa muda mrefu.

"Ikiharibika tena, dada?"

"Mashine itaharibika, kaka, siku moja. Hapo nitalirudisha daftari, na nitaanza kwa kutazama mstari huu."

Yule baba akaitikia kwa kichwa polepole, akamwuliza kama anaweza kumleta mkewe Jumamosi.

"Mlete," Mama Pacha akasema. "Nitakuwepo."