Usichungulie

Siku ile mjinga alikuwa Domo, na mwenyewe hakatai. Ndivyo walivyomwita kwenye karakana ya useremala aliyofanyia kazi na kaka yake, maana mdomo wake haukujua kufungwa. Muuguzi alipokuja Jumamosi kuwafundisha mafundi wa mtaa ule huduma ya kwanza, alileta paja la mpira lenye tundu linalotiririsha maji mekundu. Domo akaliamkia shikamoo, akaliuliza pacha wake kabaki wapi. Watu wakavunjika mbavu. Muuguzi alingoja kicheko kiishe, akarudia alichokuwa akisema: kandamiza, usichungulie, damu ikizidi, funga paja juu ya jeraha, upande wa nyonga, kaza, andika saa, usilegeze. Aliyesikiliza mpaka mwisho ni shemeji yake, mke wa kaka, ambaye ndiye aliyekuwa akipaka samani zao vanishi. Domo alimwambia akishakuwa daktari asiwasahau maskini wenzake.

Jumanne mchana msumeno wa umeme uligonga msumari uliojificha ndani ya mbao kuukuu, ukaruka, ukamla kaka pajani. Hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu kama mtu aliyechoka, na unga wa mbao aliokalia ukaanza kuwa mwekundu.

Domo alifika wa kwanza. Alivua shati, akalikunja, akakandamiza. Mpaka hapo alikuwa mwanafunzi bora. Lakini fundi ni fundi, kila kazi lazima aitazame imefikia wapi. Akahesabu mpaka kumi, akainua shati kidogo. Damu ikamrukia kidevuni. Akakandamiza tena, akainua tena. Alipotaka kuinua mara ya tatu, shemeji alikuwa ameshapiga magoti kando yake.

"Shemeji, ukibana mbao kwenye jiriwa, huwa unafungua kila dakika kuangalia kama gundi imeganda?"

"Sifungui."

"Basi na damu inaganda. Toa macho, weka uzito."

Akaweka uzito, mikono imenyooka. Haikutosha. Shati lililowa, kitambaa walichoongeza juu yake nacho kikalowa, na midomo ya kaka ikawa rangi ya majivu. Shemeji akavua mtandio wake, akaukunja upana wa vidole vitatu, akauzungusha pajani juu ya jeraha na kuufunga. Kisha akapachika kijiti cha mgongo wa kiti alichokiokota sakafuni, akaanza kukisokota. Kaka akanguruma. Shemeji akasokota tena. Domo aliiona damu ikipungua kati ya vidole vyake, ikawa matone, ikakata. Shemeji akachomoa penseli nyuma ya sikio la mumewe, akaandika kwenye kipande cha plaiwudi: saa nane na dakika kumi.

Dereva aliyekuwa akishusha mbao nje akawapakia nyuma ya pikapu. Njia nzima kaka aliomba alegezewe, kwanza kwa adabu, halafu kwa matusi, halafu akamgeukia mdogo wake akamwita kwa jina la utotoni, ambalo hakuna aliyelitamka tangu mama yao afariki. Hapo Domo akapeleka mkono kwenye kijiti. Alisema nusu mzunguko tu, apumue kidogo. Shemeji akamwahi. Alikilalia kijiti kwa kifua chake, akabaki hivyo mpaka getini mwa hospitali.

Hospitali, daktari alikichukua kile kipande cha plaiwudi kabla hata ya kuuliza jina la mgonjwa, na mlango ukafungwa. Domo alikaa kwenye benchi saa tatu bila kumtania mtu, mpaka daktari alipotoka na kusema mshipa umeshonwa, mguu upo na mwenyewe yupo.

Kesho yake wakaruhusiwa kumwona. Kaka alikuwa amerudiwa na sauti, na kazi ya kwanza aliyoipa ilikuwa kulalamika: paja limevilia damu pande zote, mtandio ule umemuumiza kuliko msumeno, mke gani anamkaza mumewe kama gunia. Domo akamuunga mkono. Hata yeye alishauri nusu mzunguko, lakini katika familia hii nani anamsikiliza.

Shemeji alikuwa akimenya chungwa. Hakuinua uso.

"Lalamika, mume wangu, na wewe shemeji msaidie. Maiti ndiyo hailalamiki."