Mkwe Nyuma ya Mianzi ya Plastiki

Jumanne, tarehe 11 Machi 2025. Asubuhi hiyo ukungu uliufunika uwanja wa ndege wa Mbeya, manyunyu yakadondoka bila haraka, na ndege ya Dar es Salaam ikawa haijulikani iliko. Abiria waliambiwa wasubiri. Clement akasema, basi tule.

Clement alikuwa dalali wa viwanja pale Mwanjelwa. Kazi yake ilikuwa kumwambia muuzaji maneno matamu, kumwambia mnunuzi maneno matamu zaidi, na kuhakikisha wawili hao hawaonani mpaka yeye ameshapata chake. Nyumbani nako aliishi hivyo hivyo, na desturi ilimbeba. Kwa Wanyakyusa wa kwao, mkamwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Akimwona anakuja, hukwepa njia. Eveline, mkewe, binti wa Kihehe kutoka Iringa, aliipokea desturi hiyo siku aliyoolewa. Tangu hapo kila neno kati yake na Mzee Jailos lilipitia kinywani mwa Clement.

Sasa Eveline alikuwa amepata nafasi ya kusomea ukunga Dar es Salaam, miaka miwili. Aliomba jambo moja tu, baraka ya mzee, ili amwache binti yake Faustina kwa amani na ajue ana nyumba ya kurudi. Clement alimletea jibu: "Baba kasema nenda, lakini ukirudi usitegemee kukuta mlango wake wazi." Eveline alilia, akafunga, akaomba, akaamua kwenda hivyo hivyo. Kilichomshangaza ni kwamba mzee mwenyewe alikuja uwanjani, amevaa koti lake la ibada. Clement alisema kaja kuangalia ndege.

Mgahawa uliokuwa wazi ulikuwa mmoja, wa vyakula vya Kiasia, mwekundu hadi darini. Unapanga foleni, unaonyesha kwa kidole tambi na mchuzi, kisha unapewa kidude cha plastiki kinachotetemeka chakula kikiwa tayari. Katikati ya meza palisimamishwa ukuta wa mianzi ya plastiki. Clement aliufurahia ukuta ule kuliko chakula. Akamketisha baba yake upande huu, mkewe upande ule, naye akawa anazunguka na trei.

"Maji ya kunawa yako wapi?" mzee akauliza.

"Hapa hawanawi, baba. Wanatumia vijiti."

"Na vijiti vyenyewe vimenawa?"

Clement akaketi kumwonyesha baba yake ustaarabu. Tambi zilipanda nusu ya safari, zikabadili mawazo, zikalala kwenye tai. Anjela, msichana wa kaunta, akaja na uma bila kuitwa.

"Chukua huu, kaka. Tai imeshashiba."

Clement akarudi kaunta kuongeza mchuzi. Mzee Jailos, aliyekuwa mzee wa kanisa na hakujua kusali kwa sauti ndogo, akasimama. Kidude kikaanza kutetemeka mezani. Akakifunika kwa kofia.

"Bwana, namweka mikononi mwako mkamwana wangu anayekwenda semina ya wiki moja. Umrudishe salama, maana nyumba haikai bila yeye. Unajua nilivyotamani asomee ukunga. Lakini amekataa, anasema shule imemchosha. Mapenzi yako yatimizwe. Amina."

Upande wa pili, Eveline aliweka uma chini. Akamwita Anjela.

"Dada, mwambie mzee aliye nyuma ya mianzi kwamba mkamwana wake hajakataa shule. Ndiko anakokwenda, miaka miwili. Mwambie niliambiwa yeye ndiye atakayenifungia mlango."

Anjela akautazama ukuta. Kisogo cha mzee kilionekana kati ya mianzi. "Si anakusikia, dada?"

"Anasikia. Ila hawezi kusikia kutoka kwangu. Mpelekee."

Anjela akazunguka, akayasema yote kama alivyopewa. Mzee akasikiliza kama mtu anayeyasikia kwa mara ya kwanza.

"Mwambie mlango wangu hauna hata kufuli," akasema. "Mwambie aende na baraka zangu zote. Kisha niitie dalali."

Clement akaja na bakuli. Foleni nzima ilikuwa imegeuka kuwatazama.

"Baba, mawasiliano yaliingiliana kidogo..."

"Mwenye mawasiliano hapa ni huyu binti wa tambi. Kafikisha neno zima, na hajadai kamisheni. Kwa nini ulitudanganya?"

Clement akatazama mchuzi. "Nani angekaa na mtoto, baba? Mimi nina wateja."

"Ahaa. Sasa ndiyo umesema." Mzee akamwonyesha ukuta. "Geukia kule. Ahidi mbele ya hawa wanaokula."

"Tutajitahidi, kadiri hali itakavyoruhusu..."

"Baba Faustina," sauti ya Eveline ikatoka kwenye mianzi, "hiyo ni lugha ya viwanja. Sema ya nyumbani."

Mtu mmoja kwenye foleni akacheka. Clement akaweka bakuli chini, akajifuta tai, akasema kwa sauti ya kufika hadi kaunta:

"Mimi Clement nitamlea Faustina mpaka mama yake amalize shule. Nitampikia, nitamfulia, nitampeleka kanisani mwenyewe. Na neno la mke wangu kwa baba nitalifikisha kama lilivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza. Mungu ni shahidi, na ninyi mnaokula."