Yai Kabla ya Pasaka

Tangu Stoyanka afiwe na mumewe, hakuna yai, nyama wala jibini iliyopita kinywani mwake wakati wa Kwaresima. Basi binti yake Nevena alipofunga zile siku tatu za mwanzo bila chakula wala maji, kama wasichana wa zamani pale kijijini, mama alifurahi hata akamsimulia padri. Saumu hiyo ilipokwisha alimwekea kokwa za jozi na asali za kufungulia. Nevena alionja kokwa moja, akasukuma sahani.

"Asali inanenepesha, mama."

Hapo ndipo Stoyanka alipoanza kumwangalia.

Asubuhi maji moto ya limau, eti yanayeyusha mafuta ya tumbo. Mkate, hagusi. Maharage, hataki hata harufu yake. Jioni tufaha, tena kipande. Nyuma ya mlango lilining'inia gauni la harusi ya Nevena, lile alilolivaa mama wa mchumba wake enzi zake. Siku ya posa mama huyo alimpima Nevena kiuno kwa viganja, akacheka: "Hili lilishonewa wenye kiuno chembamba, bibi harusi!"

"Unamfungia Mungu au unalifungia gauni?" Stoyanka aliuliza.

"Vyote viwili. Mungu atachukia nikipungua?"

"Mimi nakula mkate tangu niote meno, na mashamba ya waridi nayapalilia mchana kutwa. Umeniona pipa?"

"Aa, mama, wewe wa zamani!"

Moyo wa Stoyanka haukutulia. Alisikia nyayo za bintiye zikisimama katikati ya ngazi, binti akitafuta pumzi. Aliona nywele zimejaa kwenye kitana. Hata akisali mbele ya picha ya Bikira Maria, sikio lilibaki mlangoni.

Ijumaa moja katikati ya Kwaresima, kanisani, waumini walisujudu. Wote wakainuka, Nevena akabaki chini, paji la uso sakafuni.

"Tazama anavyosali," jirani alinong'ona. "Umelea, Stoyanka."

Stoyanka alikuwa amekwisha kupiga magoti kando ya bintiye. Mkono alioushika ulikuwa baridi kama jiwe la kisima.

Nesi wa kijiji, aliyeitwa mbio, alimzindua, akampima, akasikiliza habari za maji ya limau, kisha akasema wazi: "Limau haliyeyushi mafuta, dada. Mwili ukinyimwa chakula unakula nyama yake wenyewe, na moyo nao ni nyama. Ale leo hii, kidogo kidogo, na kesho nimwone tena."

"Mgonjwa hafungi," padri aliongeza.

Nyumbani Stoyanka alichemsha yai. Alilimenya, akalikata nusu mbili.

"Mama, ni Kwaresima," Nevena alisema. "Halafu yai lina mafuta."

"Ndiyo, linayo. Na wewe huna hata ya kukupandisha ngazi."

Nevena aligeukia ukuta. Stoyanka akafanya ishara ya msalaba, akatia nusu moja kinywani mwake mwenyewe, akatafuna.

Nevena aligeuka ghafla. "Mama! Wewe?"

"Kama ni dhambi, nimekutangulia. Gauni nitalifumua mishono niliongeze kitambaa. Wewe nikikupoteza, nitakushona na nini?"

Machozi yalimtiririka binti. Akachukua ile nusu, akaimega, akatia kipande mdomoni, akakaa nacho. Stoyanka hakupumua. Macho yake yalikuwa kwenye koo lile jembamba, akingoja.

Koo likapanda, likashuka.

"Bado kipande kingine," mama alisema.