Mwiko Mmoja, Wazee Wawili

Ugomvi wa halwa ulianza asubuhi uani kwa Haji Munye. Binti yake Dahabo, aliyekuwa aolewe siku hiyohiyo, aliusikiliza dirishani na hina yake haijakauka. Alikuwa na hofu, na alikuwa na hasira. Alimpenda mchumba wake Nuriye, na sasa wazee wawili walitaka kumharibia kwa sababu ya sukari na samli.

"Halwa ilianzia hapa Hamarweyne," alisema Haji Munye, akikoroga sufuria kubwa ya shaba. "Babu yangu alikuwa anapika uji, ngamia akapiga teke gunia la sukari, likamwagikia ndani."

"Basi ngamia huyo alijua kupika kuliko nyinyi," akajibu Mzee Bana, babake Nuriye, aliyekuja na watu wake kutoka Barawa. "Halwa ni yetu. Babu yangu aliiota, akaamka na iliki mkononi."

"Hiyo shibe, Bana. Wala si ndoto."

Mzee Bana akaudaka mwiko. "Unakoroga kama unafukuza nzi. Lete kwa wenyewe!"

Haji Munye hakuachia, na Bana naye hakuachia. Kila mmoja alijua kuwa atakayeachia kwanza, mji mzima utasema amekiri kuwa halwa si yao. Wakakoroga wote wawili, mabega yakigongana, wakitukaniana mpaka marehemu.

Shekhe akaja. "Haji, njoo barazani umshike mkono mkweo, tufunge nikahi."

"Niuache mwiko? Labda nife!"

"Basi hakuna ndoa," akasema Mzee Bana. "Tunarudi Barawa."

Adabu ikamwisha Dahabo. Akatoa kichwa dirishani. "Baba! Kwani Mungu alikupa mkono mmoja?"

Wageni wakaangua kicheko. Haji Munye akautazama mkono wake wa kuume kana kwamba ndiyo kwanza auone. Shekhe ikabidi aje mekoni na joho lake, pamoja na Nuriye, jasho likimtiririka. Haji, kushoto mwiko na kulia mkono wa Nuriye, akamwoza binti yake huku anakoroga.

"Nimekubali," akasema Nuriye, akikohoa moshi.

Vigelegele vikapigwa. Kwa furaha Mzee Bana akajisahau, akainua mikono yote miwili kumshukuru Mungu.

"Ameachia! Mashahidi mmeona, ameachia!" Haji Munye naye akautupa mwiko, akazunguka ua mzima akiwatangazia watu. Bana akamfuata nyuma akidai kuwa dua haihesabiwi. Hakuna aliyeikumbuka sufuria mpaka harufu ya kuungua ilipofika barazani.

Halwa ikapakuliwa, nyeusi tii. Lakini Hamarweyne nikahi bila halwa hawaitambui, kwa hiyo watu wakatafuna kwa heshima. Shekhe akauliza kwa upole halwa ya namna hii asili yake wapi.

"Barawa," akasema Haji Munye.

"Hapahapa Hamarweyne," akasema Mzee Bana.

Nuriye alipoingizwa chumbani na sahani yake, alimkuta mkewe anacheka mpaka machozi. Dahabo akamega kipande, akamlisha.

"Kula," akamwambia. "Wale wameikana. Itakuwa yetu."