Kipanga, Toka Kwenye Foleni

Kila Jumamosi mchana fundi cherehani alifunga duka lake, akasogeza vitambaa pembeni ya meza ya kukatia, akawasha kompyuta na kuwa mnara. Ndivyo wenzake wa mtandaoni walivyomwita, Mnara, kwa kuwa ndiye aliyeongoza ndege zao za kuigiza. Kila rubani alikuwa kwake na skrini yake, ila uwanja ulikuwa mmoja, na sheria zake zilikuwa kama za uwanja wa kweli. Hakuna aliyewasha injini bila ruhusa. Hakuna aliyesogea kabla ya kurudia maelekezo neno kwa neno, na aliyekosea alirudia tena, hata kama foleni nzima inanung'unika.

Mmoja wa marubani hao aliitwa Kipanga. Kwa kazi alikuwa mpima ardhi. Kwa damu alikuwa kaka yake Mnara, tumbo moja. Kundi walilianzisha wao wawili, enzi walipokuwa wakielewana. Kisha baba yao akafariki, wakagombana mama akae kwa nani. Kaka alisema dada anamfanya mama kibarua wa vifungo. Dada akamjibu kwamba yeye anatafuta yaya wa bure. Tangu siku hiyo hawakusemezana, na kaka, kwa aibu ya maneno aliyoyatoa mbele ya mama, akaacha kupokea hata simu za mama. Lakini kundi hakuna aliyekubali kuliacha. Basi Jumamosi wakawa wanaongea: uelekeo, kimo, kibali. Zaidi ya hapo, kimya.

Mama alikaa humo humo dukani, nyuma ya binti yake, akishona vifungo, asijue kwamba sauti ya mwanawe iko kwenye hedifoni, masikioni mwa dada yake. Kila wiki dada alitaka kumwambia, na kila wiki aliahirisha.

Jumamosi hiyo marubani walijaa kuliko kawaida. Dada hakutulia. Alikaa, akasimama, akagongagonga meza kwa kalamu. Daktari mmoja wa meno, aliyekuwa wa pili kwenye foleni, alikwisha kuuliza kama mnara umelala. Wa kwanza alikuwa Kipanga, amesimama ukingoni mwa njia ya kurukia. Dada alimpa kibali, kisha akainuka kwa pupa kufuata karatasi iliyopeperuka. Waya wa hedifoni ukanasa kwenye kiti, ukachomoka, na sauti ya Kipanga ikajaa duka zima.

"Nikiruka nakata kulia, uelekeo sifuri tisa sifuri, napanda futi elfu tano. Kipanga."

Shati lilimwanguka mama magotini. "Huyo ni mwanangu."

Dada alipapasa kuutafuta waya. Alipougusa, mama alikwisha kuinamia kipaza sauti cha mezani, kilichokuwa bado wazi.

"Baba, umekula?"

Marubani wote walisikia. Mmoja alianza kucheka, akajikatiza. Kipanga hakujibu. Ndege yake ilibaki pale pale, taa zinawaka, na nyuma yake wengine hawana pa kupita. Daktari wa meno akauliza, safari hii kwa upole, kama kuna tatizo.

Dada aliujua utaratibu: asiyejibu huitwa tena, kisha hufutiwa kibali. Alijua pia kwamba kaka yupo, anapumua, kidole kiko kwenye kitufe cha kuongelea.

"Kipanga, kibali kimefutwa. Toka kwenye foleni, ingia njia ya kushoto, simama. Hamia chumba cha pili cha sauti, ambako wengine hawasikii." Kisha akaongeza: "Kaka. Mama anakuja huko."

Kipanga alirudia maelekezo kwa sauti iliyokauka, akaruka neno moja. Mnara haukumsahihisha.

Dada akaiunganisha simu yake na chumba hicho cha sauti, akampa mama, naye akaingia nayo stoo na kufunga mlango. Dada akarudi kwenye foleni, akawa anarusha ndege moja moja, masikio yake yako mlangoni. Alimpa daktari wa meno uelekeo usio wake. Naye akaurudia taratibu, kama anauliza, mpaka dada akajirekebisha. Huko stoo mama alicheka, kisha akaanza kugomba.

Uwanja ulipobaki na ndege moja tu, ya Kipanga, mama alitoka.

"Jumatatu nakwenda kwa kaka yako."

"Mpaka lini, mama?"

"Mpaka nitakapotaka kurudi. Mlinigombania kama kiti. Kiti hakikuulizwa."

Dada alitaka kusema kwamba hapa ndipo alipozoea, kwamba chumba chake kipo. Lakini mama alikuwa tayari anauliza begi liko wapi.

"Mnara, Kipanga hapa. Naomba kibali."

Dada alimpa upya, polepole. Kaka akarudia yote bila kosa, halafu hakuachia kitufe.

"Nije kumchukua mwenyewe?"

"Njoo mwenyewe," dada akasema. "Uje mapema."

Ndege ikapaa. Mama akawa anakunja nguo zake juu ya meza ya kukatia, na dada akawa anaizunguka meza hiyo akitafuta mkasi, nao mkasi uko mkononi mwake.