Mawe ya Zam

Dada yangu Zam alirudi Lobule, kijijini kwetu, kutoka kupasuliwa Arua na mawe yake kwenye chupa. Ilikuwa chupa ndogo ya vidonge, na ndani mlikuwa na vijiwe vya rangi ya udongo, vingine kama mbaazi, vingine vidogo zaidi. Daktari wake, mama mmoja aitwaye Driwaru, alikuwa na desturi hiyo. Chochote alichokitoa ndani ya mtu alimpa mwenyewe, maana huku kwetu ukimpasua mtu ukamrudisha mikono mitupu, watu watasema hukutoa kitu, au umetoa figo ukauza.

Mimi wakati huo nilikuwa Yei, ng'ambo ya mpaka, Sudani Kusini. Yei, Aru, Bunia, Kaya, miguu yangu haijazoea kukaa tangu nilipokuwa tanboi wa malori, yule msaidizi wa dereva. Niliposikia habari nikaja, na kitu cha kwanza nilichopewa, hata maji bado, ni ile chupa. Zam aliitikisa karibu na sikio langu.

"Sikia, Kamisi," akasema. "Wewe unazunguka dunia miaka yote, hujaleta kitu. Mimi nimelala kitanda moja tu, nimeleta mawe."

Tulicheka mpaka akashika mshono. Kila mgeni alitikisiwa chupa. Alikuwa ameteseka sana na lile tumbo, chini ya mbavu upande wa kulia, na sasa adui yake alikuwa amefungiwa kwenye plastiki.

Kwa kuwa hakuruhusiwa kuinua sufuria, aliyempikia ni jirani yake Night Poni, mjane, waliyekuwa wakiuza naye muhogo soko la Koboko. Kila asubuhi Poni alileta uji, akauonja kwanza mbele yetu, ndipo akampa. Ndivyo tunavyofanya. Anayekupa chakula anaonja, ujue hakuna kitu ndani. Asubuhi moja gari la sokoni lilikuwa linampigia honi. Akaweka uji kizingitini, akakimbia. Zam aliunywa hivyohivyo, haujaonjwa.

Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kuondoka wakati macho ya Zam yalipogeuka manjano. Kisha ngozi. Akawa anajikuna mgongo na gunzi la mahindi mpaka damu inatoka. Mkojo wake ulikuwa kama chai bila maziwa, na choo chake cheupe kama majivu. Maumivu yakarudi palepale pa zamani, na homa ya kutetemeka, kitanda chote kinalia.

Nikasema twende Arua. Zam mwenyewe alikuwa ameniambia kwamba daktari alimwonya, ukiona macho yanabadilika usingoje, njoo. Lakini mwanawe Faruk, anayeendesha bodaboda pale Koboko mjini, alichukua ile chupa akaniwekea kiganjani.

"Mjomba, mawe iko hapa. Yote. Sasa hii manjano inatoka wapi?"

Mimi nilisoma darasa la pili huku, darasa la nne upande wa Kongo, kisha shule ikafungwa kwa vita. Mambo ya ndani ya mtu hakuna mwalimu aliyenifikisha huko. Chupa ilikuwa nzito mkononi kuliko maneno yangu.

Ndipo Zam akaukumbuka ule uji ambao haukuonjwa.

Baada ya hapo sikusikilizwa tena. Wazee wa ukoo walikaa, wakasema ni sumu. Nilisema hata kama ni sumu, hospitali ni hospitali. Mmoja wao akaniuliza kwa upole kama nina nyumba hapa, kama nina hata kuku hapa. Wengine wakacheka. Mtu wa kupita, ndivyo wanavyoniita, na mtu wa kupita husalimiwa vizuri na kupewa kiti, basi.

Walikodi gari kumpeleka Ajia, kwa mtu mmoja anayetapisha sumu. Kutoka kwetu kwenda Ajia unapita Arua, hakuna njia nyingine. Tukapita. Nililiona geti la hospitali dirishani, na wauza ndizi mbele yake. Nikamwambia dereva asimame. Dereva akamtazama Faruk kwenye kioo. Faruk akasema, mbele. Geti likabaki nyuma yetu, na kichwa cha Zam kilikuwa mapajani mwangu kimewaka moto.

Kule Ajia alinyweshwa maji ya mizizi akatapika mpaka hakuna kilichobaki cha kutapika. Yule mtu akachokora beseni, akaonyesha kitu cheusi kama nywele zilizosokotwa. Wote wakashusha pumzi. Mimi nilikuwa namtazama Zam. Macho yake yalikuwa manjano vilevile, na alipoulizwa mimi ni nani, akataja jina la baba yetu, aliyekufa zamani. Hapo Faruk mwenyewe akaogopa. Akasema turudi Arua.

Daktari Driwaru hakutugombeza. Alimfungua Zam jicho kwa kidole, akamwambia, "Mama, nilikuambia uje." Kisha akatutoa nje, akatueleza. Mfuko wa nyongo aliutoa, na mawe yaliyokuwa ndani yake ndiyo yale ya kwenye chupa. Lakini kutoka kwenye ini kuna mrija unaoshusha nyongo tumboni. Jiwe moja dogo lilikuwa limeponyoka likaingia mle kabla ya kupasuliwa, na picha haikulionyesha. Sasa limekwama. Nyongo imekosa njia, imerudi kwenye damu, ndiyo manjano. Na iliyotuama imeoza, na ule uozo nao umeingia kwenye damu. Chombo cha kuingia kwa mdomo kulivuta jiwe kiko Kampala. Kumpasua hivi alivyo, hatavumilia. Alikuwa anatafuta gari la wagonjwa, na hata maji, akasema, atayatapika.

Tukiwa tunangoja gari kando ya kitanda cha Zam, Night Poni akafika na chupa ya uji. Alijua yanayosemwa. Kisimani watoto wake walikuwa wameshakatazwa kuchota. Hakunisalimu, hakumsalimu Faruk. Akamimina kwenye kifuniko, akanywa mwenyewe mpaka mwisho, akafuta mdomo, akamimina tena. Zam akafumbua macho.

"Poni," akasema.

Akanywa mafunda mawili. Halafu akatapika yote kwenye kitenge cha Poni.

Faruk alisimama. "Umeona. Hata mbele ya watu."

"Mimi nimekunywa, Faruk."

"Wewe iko na dawa yako ya kujikinga."

Poni alinitazama. Nikafungua mdomo nimkumbushe Faruk alivyosema daktari juu ya maji, na nikamkumbusha, na ilikuwa kama sijasema. Poni akakunja kitenge upande uliochafuka ndani, akaenda.

Gari lilipatikana mchana. Zam alifariki kabla hatujalifikia daraja la Pakwach. Dereva akazima king'ora, akageuza.

Baada ya mazishi nilimkuta Faruk peke yake nyuma ya nyumba, amekaa karibu na pikipiki yake. Nikachuchumaa, nikashika ule mpira unaotoka kwenye tenki ya petroli. Nikamwambia, wewe fundi. Tenki ikiwa na mchanga unaishusha, unaiosha, mchanga unauona chini kwa macho yako. Lakini chembe moja ikiwa imeshaingia kwenye mpira, pikipiki itawaka?

"Haiwaki."

"Basi mama yako ndivyo. Ya kwenye chupa ni ya tenki."

Aliupapasa ule mpira toka mwanzo hadi mwisho. Nilidhani nimefika.

"Sawa, mjomba. Nimesikia. Mchanga ile, nani alitia?"

"Hakuna mtu. Mwili wenyewe unayatengeneza mawe."

Akanitazama kama anavyotazamwa mtoto. "Mwili ya mama itengeneze kitu ya kuua mama?"

Nyumba ya Night Poni imefungwa. Alivuka na watoto upande wa Kongo, kwa ndugu zake, hata kabla ya arobaini.

Siku ya arobaini chupa ilizunguka msibani, mkono kwa mkono. Kila mtu aliitikisa, akaangalia, akaona mawe yamo. Kila mmoja nilimweleza habari ya mrija. Walinisikiliza kwa adabu, wakaagiza niletewe chai. Binti aliyenimiminia aliionja kwanza.